Kwa Nini Mataifa Hufanya Biashara, na Sisi Wenye Karafuu Tushike Lipi?

Wanachama wenzangu,

Kila msimu unapokwisha na majamvi yakakunjwa, huzuka baina yetu maneno yale yale. Mmoja husema: "Ya nini kuhangaika na karafuu, zao lisilolika, na huku mchele twaununua kutoka Asia? Tukate mikarafuu, tupande muhogo na mpunga, tule chetu." Wa pili humjibu: "Karafuu ndiyo dhahabu yetu. Panda karafuu hata uani, chakula kitanunuliwa." Wa tatu, ambaye aghalabu ni kijana aliyesoma, huwacheka wote wawili: "Nyinyi mwachezewa tu. Biashara ya nchi na nchi ni mchezo wa mwenye nguvu na mnyonge, na mnyonge hana haki."

Maneno haya si ya kupuuzwa, kwani mwenye kuyasema ana shoka mkononi. Mkarafuu ukiukata leo, mche utakaoupanda badala yake hautakupa mavuno mpaka ipite miaka sita au minane. Kwa hiyo nimeona ni vema tuyapime kwa ilimu: tutazame waandishi wa mambo ya biashara walisema nini, na yaliyoisibu karafuu yenyewe yanamthibitisha nani.

Maoni yangu nayataja mapema ili msomaji asipotezewe wakati. Biashara baina ya mataifa ina faida ya kweli, na mwenye kukata mikarafuu yake ili ajitosheleze kwa kila kitu atajitia katika umaskini kwa mkono wake. Lakini faida hiyo haitembei yenyewe mpaka mlangoni kwa mkulima, wala haikai mahali pamoja milele. Kuifikisha mlangoni na kuishikilia isituponyoke ndiyo kazi ya chama kama hiki chetu.

Zamani wakubwa wa Ulaya waliamini kwamba utajiri wa nchi ni dhahabu na fedha zilizomo katika hazina. Mfanyabiashara mmoja wa London, Thomas Mun, aliandika kitabu kilichotolewa mwaka 1664, baada ya kufa kwake, akifundisha kwamba nchi lazima iwauzie wageni mali nyingi kuliko inayonunua kwao, ili tofauti iingie nyumbani kwa fedha taslimu. Kwa fikira hiyo, akipata mmoja lazima mwingine apoteze, na biashara huwa ndugu yake vita.

Karafuu inaijua vizuri fikira hiyo. Asili yake ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo vimo katika nchi ya Indonesia, na kwa karne nyingi haikuota penginepo duniani. Kampuni ya Waholanzi iliyoundwa mwaka 1602 ilitaka iwe yenyewe peke yake yenye kuuza. Ikawapeleka watu wake katika visiwa kuikata mikarafuu, ikaiacha Ambon na visiwa vidogo vya jirani tu, ambako iliweza kuilinda. Watu wa visiwa vilivyokatwa miti yao walibaki na nini? Hawakubaki na kitu. Na huyo Mholanzi naye hakudumu na siri yake. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre, aliyekuwa akisimamia kisiwa cha Morisi, alipata miche iliyotolewa kule kwa siri, na kutoka visiwa vya Wafaransa karafuu ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, halafu Pemba. Chochote tulicho nacho leo tumekipata kwa sababu ukuta wa Mholanzi ulitoboka.

Mwaka 1776 Mskoti Adam Smith alitoa kitabu kikubwa cha kuipinga fikira ile. Hoja yake ni nyepesi kwa mtu wa Pemba kuielewa. Mvuvi wa Kojani hapandi karafuu, na mkulima wa Wete haendi bahari kuu kutafuta nguru. Kila mmoja akifanya alilolizoea hufanya kwa wepesi na wingi, kisha wakabadilishana, na wote wawili wakala vizuri kuliko kama kila mmoja angelifanya yote. Smith alisema kilicho busara kwa nyumba moja hakiwezi kuwa upumbavu kwa nchi nzima.

Hapo kuna swali ambalo Smith hakulijibu vizuri. Je, ikiwa nchi moja inaishinda nyingine kwa kila kitu? Ikiwa wenzetu wanalima mpunga kwa wepesi kuliko sisi, na karafuu pia wanazo, sisi tutauza nini? Jawabu lilitolewa mwaka 1817 na David Ricardo, aliyekuwa dalali wa hisa London kabla ya kuwa mwandishi. Nakuomba msomaji uwe na subira katika hesabu hii, kwani ndiyo shina la mas-ala yote.

Ricardo alitoa mfano wa Uingereza na Ureno. Ureno huhitaji watu 80 kufanya kazi mwaka mzima kupata kiasi fulani cha mvinyo, na watu 90 kupata kiasi fulani cha nguo. Uingereza huhitaji watu 120 kwa mvinyo ule ule, na watu 100 kwa nguo ile ile. Mreno amemshinda Mwingereza kwa vyote viwili. Lakini Ureno ikiacha kufuma nguo ikatengeneza mvinyo mara mbili, itatumia watu 160 badala ya 170. Na Uingereza ikifuma nguo mara mbili itatumia watu 200 badala ya 220. Wakibadilishana mvinyo kwa nguo, kila mmoja amepata alichokuwa nacho kwanza, na watu 30 wamebaki na mikono mitupu ya kufanyia kazi nyingine.

Kwa asiyependa mifano ya Ulaya, tuchukue ya ukumbini petu. Mama na binti wana kazi mbili usiku wa msimu: kuchambua karafuu na kusuka ukili. Mama kwa usiku mmoja huweza kuchambua vikapu vinne, au kusuka pima nne. Binti huweza kuchambua kikapu kimoja, au kusuka pima mbili. Mama ni hodari kwa yote. Wakigawa kila mmoja usiku wake nusu kwa nusu, asubuhi watakuwa na vikapu viwili na nusu, na pima tatu za ukili. Lakini binti akishika ukili peke yake atasuka pima mbili. Mama akitumia robo ya usiku kusuka pima moja, na robo tatu kuchambua, atapata vikapu vitatu. Ukili ni ule ule pima tatu, na karafuu zimezidi nusu kikapu. Nusu kikapu hicho kimetoka wapi? Hakuna aliyeongeza mwendo. Kimetoka katika mpango tu. Kila kikapu cha binti kilikuwa kikimpotezea pima mbili, na kila kikapu cha mama kilimpotezea moja.

Hilo ndilo fundisho la Ricardo, na mpaka leo halijavunjwa. Mtu asijiulize, "Nani hodari kuliko mimi?" Ajiulize, "Nikifanya hili, naacha nini?" Hata aliye dhaifu kwa kila kitu ana jambo moja ambalo udhaifu wake ni mdogo zaidi, na hilo ndilo la kulishika.

Sasa tumrudie ndugu yetu mwenye shoka. Vilima vyetu ambako mkarafuu hustawi havioti mpunga. Mpunga ni wa mabondeni. Akikata mikarafuu ya kilimani atapata muhogo na ndizi, vyakula vizuri, lakini karafuu za eneo lile zingemnunulia chakula kingi zaidi ya hicho, na kusazwa ada ya skuli. Jambo hili visiwa vyetu vimelionja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliamuliwa kwamba Zanzibar ijitosheleze kwa chakula, na uagizaji kutoka nje ukabanwa. Wazee wanakumbuka mchele wa kugawiwa kwa kipimo, na hali hazina ilikuwa na fedha za karafuu. Nia ya kujitegemea ilikuwa njema. Hesabu ya kinachoachwa ndiyo iliyosahauliwa.

Tukifika hapa, yule wa pili mwenye kutaka karafuu hata uani huanza kutabasamu. Asitabasamu sana, kwani zamu yake inakuja.

Ricardo alisema nchi zimetofautiana, lakini hakueleza sana kwa nini. Waswidi wawili, Eli Heckscher katika mwaka 1919 na mwanafunzi wake Bertil Ohlin katika mwaka 1933, walisema tofauti hutokana na vile nchi ilivyojaaliwa: mwenye ardhi nyingi atauza mazao ya ardhi, mwenye watu wengi atauza kazi za mikono, na mwenye mali atauza vitu vya mashine. Fikira hii ina ukweli mwingi. Mvua zetu, udongo wetu na mikono ya wachumaji wetu ndiyo iliyotuletea wanunuzi. Hata hivyo Wassily Leontief, alipozichungua hesabu za Marekani mwaka 1953, aliona kinyume: nchi ile yenye mali nyingi kuliko zote ilikuwa ikiuza nje vitu vilivyohitaji kazi ya watu zaidi, kuliko vile ilivyonunua. Watu wakatambua kwamba ujuzi nao ni mtaji, na hauonekani kwa macho kama ardhi.

Na karafuu inatufundisha zaidi ya hayo. Majaaliwa ya nchi huhama. Maluku ilikuwa na kila alilojaalia Mungu kwa karafuu, na bado karafuu ikahama. Unguja nayo ilikuwa mbele, mpaka tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ikapona, na kutoka hapo Pemba ikawa ndiyo shamba la karafuu la dunia. Kisha ikatokea ajabu nyingine. Watu wa Java wana sigara zao ziitwazo kretek, ambazo huchanganywa tumbaku na karafuu. Viwanda vya sigara hizo vilipokua katika karne ya 20, nchi ya asili ya karafuu ikawa inanunua karafuu kutoka kwetu! Miaka mingi Indonesia ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa, na sisi tulikaa tukiamini kwamba mnunuzi ni mnunuzi milele.

Wao walikaa wakapiga hesabu. Wakapanda, wakapanda tena, na ilipofika miaka ya 1980 walikuwa wakijitosheleza. Bei ya dunia ikaanguka, na kuanguka kwake kukawa kama mtu aliyeteleza juu ya mkarafuu: hakuna tawi lililomshika. Mashamba yakaachwa yakamea magugu, miti mikuukuu ikafa bila kupandiwa badala, vijana wakatafuta riziki Unguja mjini, Tanga, Mombasa na Uarabuni. Leo Indonesia ndiyo yenye karafuu nyingi kuliko nchi yoyote, na nyingi huzivuta yenyewe katika sigara zake. Na sokoni tunakutana pia na karafuu za Bukini na Ngazija. Tulikuwa mfalme wa zao hili. Sasa tu mmoja katika wauzaji.

Pigo jingine la namna hiyo lilitoka viwandani. Mafuta ya karafuu yana kitu kiitwacho eujenoli, na kwa muda mrefu watu wa Ulaya na Marekani walikitumia kutengenezea vanilini, ile harufu ya vanila inayotiwa katika vyakula vitamu. Katika miaka ya 1930 viwanda vikapata njia ya kuitoa vanilini katika mabaki ya miti ya kutengenezea karatasi. Hakuna aliyetupiga vita, hakuna aliyetuandikia barua. Haja yetu iliwaishia tu.

Basi huyu wa pili namwambia: Ricardo yuko upande wako kwa leo, lakini hakukuandikia hati ya kesho. Anayeishi kwa zao moja amewapa watu wa mbali funguo za nyumba yake. Na kuhusu chakula kitakachonunuliwa, kumbuka mwaka 2008, India na Vietnam zilipozuia mchele wao usitoke na bei ikaruka duniani kote. Kumbuka pia mwezi wa Julai 2023, India ilipozuia tena mchele mweupe wa kawaida usiuzwe nje, na zuio likakaa mpaka mwaka 2024. Muuzaji akifunga duka, fedha ya karafuu haipikiki. Kwa hiyo bonde la mpunga lisiachwe, lisijazwe nyumba, na mfereji wake usafishwe. Hiyo ni bima, na bima hulipiwa hata mwaka usio na moto.

Amebaki wa tatu, kijana wetu aliyesoma. Huyu nampa haki yake, kwani ana hoja ambayo wengi huikwepa. Hesabu ya Ricardo huonyesha kwamba ipo faida. Haionyeshi faida hiyo inaliwa na nani. Mwingereza mwingine, John Stuart Mill, alikuja kueleza kwamba bei ya kubadilishana hutegemea haja ya kila upande: mwenye kuhitaji zaidi hukubali kidogo. Mwaka 1950 Raúl Prebisch wa Argentina na Hans Singer, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba kwa muda mrefu bei za mazao ya shamba zimekuwa zikirudi nyuma zikilinganishwa na bei za vitu vya viwandani. Maana yake, mkulima huleta magunia mengi zaidi ili apate baiskeli ile ile. Wataalamu wangali wakibishana juu ya vipimo, lakini mkulima gani hapa atasema jambo hili ni geni kwake?

Na si baina ya nchi na nchi tu. Ndani ya nchi moja pia faida huweza kukwama njiani. Mashamba ya kwanza ya karafuu yalipandwa na kuchumwa na watumwa, mpaka utumwa ulipoondolewa kwa sheria mwaka 1897. Dunia ilipata karafuu, wenye mashamba na wafadhili wao walipata fedha, na aliyepanda juu ya mti hakupata kitu. Katika miaka ya 1970 bei ya dunia ilikuwa nzuri mno, na karafuu ilileta karibu fedha zote za kigeni za visiwa hivi, lakini sehemu iliyomfikia mkulima ilikuwa ndogo. Mkulima asiyelipwa hapandi. Kwa hiyo bei ilipoanguka baadaye, ilitukuta na miti mizee na mikono iliyokata tamaa.

Tukiyajua hayo, tutayafahamu na magendo. Wengine huyaeleza kama tabia mbaya tu. Mimi nasema magendo ni biashara ya mataifa inayofanywa usiku: ng'ambo ya mkondo bei ikizidi sana, karafuu itatafuta mtumbwi. Mwaka 2011 Serikali ya Zanzibar ilipoipandisha sana bei ya kununulia, na kuweka kwamba mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, karafuu nyingi zilirudi vituoni zenyewe, kwa kufuata bei. Walakini mwenye kuvusha asijione shujaa. Karafuu yake ikifika kule huchanganywa na nyingine, jina la Pemba hupotea, na yeye akidhulumiwa hana wa kumshitakia, achilia mbali khatari ya bahari.

Lakini je, kijana wetu ana haki anaposema mnyonge hana la kufanya? Hapo namkatalia, na ninayo mifano miwili.

Wa kwanza ni wetu. Mwaka 1937 ilitungwa sheria iliyokipa chama cha wenye karafuu cha wakati ule mamlaka ya kununua karafuu zote. Wafanyabiashara wenye asili ya India wakaipinga, na huko India kukatangazwa kwamba karafuu ya Zanzibar isinunuliwe. India ilikuwa mnunuzi mkubwa. Karafuu zikalala maghalani, na mwaka 1938 ikabidi pande zote zikae zipatane. Watu wa India wakati ule hawakuwa na dola yao. Walikuwa chini ya Mwingereza kama sisi. Walikuwa na umoja tu, na haja yetu kwao. Kwa hiyo nguvu katika biashara haitoki kwa mizinga peke yake. Hutoka pia katika umoja na katika kujua mwenzio anahitaji nini.

Wa pili ni Morisi, kisiwa kile kile karafuu ilichopitia. Ilipopata uhuru mwaka 1968 maisha yake yote yalikuwa miwa. Haikuikata miwa. Iliuza sukari, ikapata bei nzuri kwa mkataba na nchi za Ulaya tangu mwaka 1975, na huku tangu mwaka 1970 imetunga sheria ya kuvutia viwanda vya kuuza nje, ikashona nguo, kisha ikaingia katika utalii na kazi za fedha. Mkataba ule wa sukari ulipokwisha mwaka 2009, Morisi ilikuwa na miguu mingine ya kusimamia. Walitumia zao la zamani kama ngazi ya kupandia kwenye jingine.

Tena kuna fundisho la siku za karibu. Mmarekani Paul Krugman aliuliza tangu mwaka 1979: mbona nchi zinazofanana huuziana vitu vinavyofanana, Mjerumani akamuuzia Mfaransa motokaa na Mfaransa naye akamuuzia Mjerumani motokaa? Akajibu kwamba kiwanda kikitengeneza kingi gharama hupungua, na watu nao wapenda kuchagua. Kwa kazi yake hiyo na nyingine alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kwetu maana yake ni hii: wapo wauzaji wengi wa karafuu, lakini mnunuzi hununua pia jina, usafi na uaminifu. Hapo ndipo kisiwa kidogo huweza kumshinda mkubwa.

Kwa hayo yote, nawaomba wanachama mambo manne.

La kwanza, tupande kabla ya kufa miti. Mkarafuu uliopandwa leo ni biashara ya mtoto wako. Anayengoja bei ipande ndipo apande mche, bei itakuwa imeshuka siku mche utakapozaa.

La pili, tusafishe karafuu. Tuchume kwa wakati kabla ua halijafunguka, tusivunje matawi, tuanike juu ya jamvi au sakafu safi na si juu ya lami, tuzigeuze, na zilizovunda na makonyo tuzitenge. Gunia moja chafu hutia doa magunia yote ya kisiwa. Makonyo nayo yana thamani yake, kwani hutolewa mafuta hapa hapa kwetu, katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake. Na kila kazi inayofanyika kisiwani kabla mzigo haujapanda meli ni ujira unaobaki nyumbani.

La tatu, kila mmoja aandike. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika siku za palizi, ujira wa wachumaji, gharama ya kuchukulia, na kilo ulizouza. Ricardo alihesabu watu 80 na 90. Sisi je, twaweza kusema kilo moja ya karafuu inatugharimu nini? Chama kisichokuwa na tarakimu kikienda kujadili bei huenda kuomba. Kadhalika nataka chama kidai kwamba bei ya karafuu katika soko la dunia ibandikwe katika kila kituo cha kununulia, kila wiki ya msimu, pamoja na bei anayolipwa mkulima, ili mwenye macho asome na asiyesoma asomewe. Anayeuza bila kujua bei hata akiwa na haki hajui aidai kiasi gani.

La nne, tumkumbuke mchumaji. Sisi twalalamika kwamba mnunuzi wa mbali hutupa kidogo. Je, yule kijana aliye juu ya tawi la mwisho, na yule mama anayechambua mpaka usiku, hawalalamiki juu yetu kwa maneno yale yale? Mwaka bei inapopanda, ujira wao nao upande. Haki hiyo ikituponyoka mikononi mwetu, hatutakuwa na uso wa kuidai London wala Jakarta.

Basi mwenye shoka aliweke shoka lake. Mwenye kutaka karafuu hata uani abakishe mahali pa muhogo, na bonde alilime. Na kijana wetu aje mkutanoni na kalamu, kwani kazi ya kuandika hesabu za chama inamngoja, na maneno yake makali yatatufaa zaidi yakiwa na tarakimu ndani yake.

Wassalaam.

Mwanachama wenu, Pemba